Wimbo wa Injili Kiwamboni: Siri, Wafuasi na Kushiriki

Wimbo wa dini, tangu zamani, hutafuta chombo cha kuufikisha mbali kuliko koo la mwimbaji. Wamisionari walichapa vitabu vya tenzi. Redio ikaleta kwaya hadi vibarazani. Zikaja kanda na diski, zikavuka mipaka ndani ya mabasi na malori. Ndivyo nyimbo za Rose Muhando wa Tanzania zilivyotufikia, na ndivyo "Kwetu Pazuri" ya kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali ilivyowafikia majirani zetu. Leo chombo hicho ni simu ya mkononi. Yafaa basi tujiulize: je, chombo hiki kipya kinaubeba ujumbe tu, au pia kinaugeuza?

Ili tusizungumze hewani, tumechagua kazi moja, wimbo "Nina Siri" wa Israel Mbonyi. Mtunzi huyu, Mnyarwanda aliyezaliwa Kongo mwaka 1992, alijulikana kwanza kwa nyimbo za Kinyarwanda. Tarehe 25 Desemba 2022 alifanya tamasha la Krismasi katika ukumbi wa BK Arena mjini Kigali. Mwaka uliofuata, 2023, akautoa wimbo huu kwa Kiswahili katika YouTube, nao ukatazamwa mara makumi ya mamilioni. Alipokwenda kuimba Nairobi mwezi Agosti 2024, wimbo ulikuwa umekwisha kumtangulia. Kwa walimu wa Kiswahili katika nchi ambayo lugha hii ilifanywa rasmi mwaka 2017 tu, jambo hili si dogo. Mtunzi wa kwetu hakulazimishwa na mtaala. Ameichagua lugha hii kwa kuwa inavuka mipaka.

Tukianza na fani, twaona kwamba wimbo huu ni wa ibada kuliko wa maonyesho. Kama ilivyo desturi yake, mwimbaji yumo kati ya waitikiaji na wapigaji ala. Maneno ni machache, na kiitikio hurudiwa hata msikilizaji akakikariri bila kujitahidi. Huo ndio ufundi wa kale wa kwaya, yaani kumfanya asikiaye awe mwimbaji. Kiwambo hakikuubuni ufundi huo; kimeukuta na kuutumia.

Maudhui yake yanahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Neno "siri" katika Biblia ya Kiswahili si fumbo la kunong'onezana. Katika Waraka kwa Waefeso latumika kwa jambo la Mungu lililofichwa kwa vizazi, kisha likafunuliwa. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuitangaza siri mbele ya mamilioni ni kujipinga hajalielewa neno. Siri ya namna hii yataka kutangazwa. Hata hivyo, mwenye siri huieleza kwa mtu anayemwamini, naye hungoja jibu. Je, mamilioni hao wanaijua siri, au wanaujua wimbo tu?

Hapa twafika kwenye neno la pili. Mitandao ya kijamii imewapa waimbaji "wafuasi". Neno hili kanisa lilikuwa nalo zamani, na mfuasi alikuwa mtu aliyeacha nyavu zake akaingia njiani. Mfuasi wa leo hubonyeza mara moja, na kesho aweza kujiondoa bila kumuaga mtu. Hatusemi kwamba neno limenajisika, maana lugha hai hupanua maana. Lakini mwimbaji wa injili yumo hatarini kuliko mwimbaji wa mapenzi, kwa kuwa kwake maana mbili za neno moja zimekaa jirani mno. Aliyeanza kwa kumwitia Kristo wafuasi aweza, pasipo kujua, kumaliza kwa kujihesabia wake.

Neno la tatu ni "kushiriki". Kanisani watu hushiriki meza moja. Mtandaoni hushiriki kipande cha nusu dakika. Mkato huo ni mtihani mkali kwa mtunzi. Wimbo ambao kiitikio chake kina wazo kamili huvumilia kisu. Wimbo unaotegemea beti zijengane, zikianza na dhiki na kuishia na shukrani, hufika umebaki shukrani tupu, nayo shukrani isiyo na dhiki nyuma yake husikika kama majigambo. Tunachelea kwamba watunzi wengi sasa hutunga kwa ajili ya kisu hicho, wakianza na kiitikio na kumaliza na kiitikio, na beti wakizifanya daraja la kupitia tu.

Wako wanaolaumu fedha, wakisema mwimbaji anayelipwa kutokana na matangazo ameuza injili. Hatukubaliani nao. Kanda nazo ziliuzwa, na mpiga kinanda ana watoto wa kulisha. Lawama ya haki ni ile inayohusu kazi yenyewe: je, beti zake zina kitu cha kusema?

Wala tusiwe wepesi kuudharau mkusanyiko huu usio na jengo. Chini ya nyimbo hizi watu huandika shuhuda zao. Mmoja ataja wodi aliyolala, mwingine ataja msiba. Makanisa yalipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, wengi hawakuwa na ibada nyingine. Shuhuda hizo aghalabu huandikwa kwa Kiswahili cha watu wanaojifunza, chenye "kurara" badala ya "kulala", kama ielekeavyo ndimi zetu zisizotenga vizuri r na l. Mwalimu ataona kosa, na ni wajibu wake kulisahihisha. Lakini aone pia kwamba mtu huyo ameandika kwa hiari yake, na kwa jambo lililomgusa, jambo ambalo mazoezi yetu ya darasani huliomba na mara chache hulipata.

Wanafunzi wetu wengi huuimba "Nina Siri" bila kukosea. Tulipowauliza tofauti ya siri na fumbo, darasa likanyamaza. Ukimya huo hatuwezi kumlaumu mtunzi, wala YouTube. Mtunzi ameuleta wimbo, simu imeufikisha mlangoni. Kuufungua ni kazi yetu. Tuulete basi darasani mzima, pamoja na beti zake zote, tuuhakiki kama tunavyouhakiki utenzi wowote. Mwanafunzi aliyekwisha kuielewa siri hiyo, awe anaiamini au haiamini, atakuwa na kitu cha kushiriki kuliko kipande cha nusu dakika.