Picha Haisomi Mwandiko

Tunawasifu wachonga milango wa Lamu, na wanastahili. Fundi anayekaa na mswada mkuukuu akibainisha nani aliandika neno gani hatumtaji, labda kwa kuwa kazi yake ni kavu. Tangu 1987, wataalamu wa Text Encoding Initiative wamekuwa wakitunga kaida za alama za kuambatana na matini kwenye kompyuta: hapa mwandishi amefuta, hapa ameongeza juu ya mstari, hapa mwandiko ni wa mtu mwingine, hapa wino umefifia na msomaji anakisia tu. Faida yake inaonekana kwa mshairi Muyaka. Mashairi yake mengi yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyaandika kwa hati ya Kiarabu, naye mmisionari William Taylor akatia maelezo yake. Miandiko hiyo isipotenganishwa, neno la mmisionari litakuja kuhesabiwa kuwa la mshairi. Tena Kiarabu hakina p wala ch, hivyo waandishi wetu walizitafutia njia mbalimbali. Anayesawazisha tahajia bila kuieleza amefuta alama ambayo ingetusaidia kumtambua mwandishi.

Wapo wasemao picha nzuri inatosha. Picha huhifadhi wino, lakini haimwambii mtafutaji kwamba ufutaji ule ulifanywa na mtu wa pili. Wengine watasema kaida hizi zimetungwa ughaibuni. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Ila zinaruhusu kupunguzwa na kuongezwa, na kama hazijui mambo ya hati zetu, kosa ni letu tuliokaa kimya. Siku hizi tunapiga picha haraka, tunazirundika kwenye diski, tunasema huko ndiko kuhifadhi.

Mkoani Mara jambo hili lina uzito wake. Nyerere, aliyeingia shule ya Mwisenge mkoani humo mwaka 1934, alichapisha tafsiri yake ya Shakespeare, Julius Caezar, mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa 1969 ikiitwa Juliasi Kaizari. Hata jina la kitabu hakuliacha. Chapa hutuonyesha alikofika. Alikosita na alikojikosoa hukaa kwenye karatasi za mkono. Wanaoutambua mwandiko wa kizazi kile kwa kuutazama tu wanazidi kupungua. Mwenye kuzipiga picha karatasi za namna hiyo, awe Butiama au Musoma, awaite wazee hao kwanza, aandike wanachomwambia, ndipo awashe mashine.