Uso wa Tiana: juu ya maoni ya watazamaji wa filamu moja ya katuni

Ni nadra kwa hadhira kuihakiki kazi ambayo bado haijazaliwa. Ndivyo ilivyotokea kwa The Princess and the Frog, filamu ya katuni ya kampuni ya Disney, ambayo kwetu hujulikana zaidi kwa jina lake la Kifaransa, La Princesse et la Grenouille. Filamu ilitoka Marekani mwishoni mwa mwaka 2009, lakini mabishano juu yake yalikwisha kupamba moto tangu 2007. Sababu yajulikana. Tangu Snow White ya mwaka 1937, kampuni hiyo haikuwa imepata kumweka msichana mweusi katika nafasi ya binti mfalme wa filamu zake ndefu. Miaka 72 si michache, na mtu aliyengoja muda huo wote haketi mezani akisubiri kuletewa sahani, huingia jikoni.

Aliyoyakuta huko hayakumpendeza. Shujaa aliitwa Maddy, jina lililowakumbusha Wamarekani weusi «Mammy», yule yaya mtiifu wa picha za dharau zilizorithiwa kutoka enzi za utumwa. Kazi yake ilikuwa utumishi wa chumbani kwa msichana tajiri wa Kizungu. Kichwa chenyewe kilikuwa The Frog Princess, kana kwamba chura ndiye binti. Watengenezaji walisikia. Maddy akawa Tiana, mtumishi wa chumbani akawa mhudumu wa mkahawa anayeweka akiba senti kwa senti ili afungue mkahawa wake, kichwa kikabadilishwa. Wanaodai kwamba maoni ya watazamaji ni kelele za baada ya kazi kumalizika wangefaa kuutafakari mfano huu.

Lakini lalamiko zito kuliko yote halikupata dawa, nalo lahusu chura. Hadithi yatendeka mjini New Orleans katika miaka ya 1920. Kwenye karamu ya rafiki yake tajiri Charlotte, Tiana, akiwa amevaa vazi la kuazima la binti mfalme, anakutana na chura ambaye kwa kweli ni mwana wa mfalme, Naveen, aliyerogwa na Facilier. Anambusu ili amwokoe. Kwa kuwa yeye si binti mfalme ila kwa vazi, busu lageuka: naye anakuwa chura, na hubaki hivyo katika sehemu kubwa ya filamu. Watazamaji wengi waliuliza: tumengoja uso mweusi miaka yote hiyo, ndipo ufichwe chini ya ngozi ya kijani?

Wanaoitetea filamu husema kwamba kugeuka mnyama ni mali ya ngano tangu kale. Ndugu Grimm walikuwa na chura wao. Nasi tuna Kalulu, anayesema na kudanganya kama binadamu, wala hakuna msikilizaji anayeuliza rangi ya ngozi yake. Mwandishi wa mistari hii aliiunga mkono hoja hiyo kwa muda mrefu, na kuifundisha. Aliiacha siku alipoitazama filamu pamoja na mtoto wa kike wa jamaa yake. Vyura wakiwa vinamasini, nyimbo zikiwa tamu, mtoto akauliza: «Yule dada atarudi lini?» Hakuuliza juu ya chura, ingawa chura alikuwa Tiana yuleyule, mwenye sauti ileile ya Anika Noni Rose. Kwake dada alikuwa ameondoka.

Hapo ndipo kosa la hoja yetu linapoonekana. Anayesikiliza hadithi za Kalulu jioni ya leo atasikia kesho hadithi ya watu wenye sura kama yake, na kesho kutwa nyingine. Ana akiba. Mtazamaji wa Tiana alipewa hadithi moja tu, na katika hiyo moja akanyang'anywa uso. Kanuni ya utanzu haiwezi kumjibu, kwa sababu yeye halalamikii utanzu.

Kwamba Naveen si mweusi, bali ni mtu wa nchi ya kubuni iitwayo Maldonia, watu walibishana sana. Sisi hatuoni kwamba jambo hilo lina uzito huo. Kinachotushangaza ni lile ambalo wengi wamelipita haraka. New Orleans ina uwanja uitwao Congo Square, ambapo watumwa, wakiwemo waliotoka pwani yetu ya Kongo, walikutana siku za Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Mtazamaji Mkongomani akilijua jina hilo hutazama filamu kwa matumaini fulani. Anaonyeshwa nini? Vinyago. Facilier anapowaita «rafiki» zake wa upande wa pili, vinyago vya mtindo wa Kiafrika vyawaka macho na kuimba ukutani, na mwishowe kinyago kikubwa chafungua kinywa kumpokea mchawi kama malipo ya deni.

Tutaambiwa kwamba filamu yatenganisha mchawi na mganga, jambo ambalo Mswahili yeyote angelidai. Na ni kweli, yuko Mama Odie, kizee kipofu wa vinamasini anayewasaidia wale vyura. Lakini sikilizeni muziki wake: ni wa kanisa. Wema umevikwa kwaya, ubaya umevikwa vinyago. Mtoto wa Lubumbashi asiyejua kinyago kilichezwa wapi na kwa heshima gani atajifunza hapo kukiogopa.

Juu ya sheria za ubaguzi za wakati ule filamu ni bahili wa maneno. Ndugu Fenner, wauzaji wa kiwanda cha zamani cha sukari ambamo Tiana anataka kuweka mkahawa wake, wanamdokezea tu kwamba mwanamke wa asili yake hafai biashara kubwa. Kidokezo hicho, katika filamu ya watoto, kwa maoni yetu chatosha. Mtazamaji mzima ataelewa, mdogo atauliza.

Watazamaji hawakunyamaza baadaye. Mwaka 2018, picha za mwanzo za Ralph Breaks the Internet zilimwonyesha Tiana akiwa na ngozi iliyofifia na pua iliyopunguzwa. Malalamiko yalitolewa tena, shirika la Color of Change likahusika, Anika Noni Rose naye akaombwa ushauri, na uso ukachorwa upya kabla filamu haijatoka. Mwaka 2024 Disney ilifungua katika bustani zake za burudani mchezo wa majini wa Tiana, mahali pa ule uliotokana na Song of the South, filamu ya mwaka 1946 iliyolaumiwa kwa namna ilivyowachora weusi. Humo Tiana ana uso wake wa kibinadamu. Mama Odie anawapunguza wageni walioketi mashuani hadi kimo cha chura.