Jeraha Ndani ya Mizani Nane

Mwalimu Nyerere anapokumbukwa, watu hutaja Azimio la Arusha, Muungano, vita vya Kagera, na wapenzi wa fasihi huongeza *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Vitabu vitano vya tenzi vilivyochapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996 havitajwi sana. Humo aligeuza Enjili zote nne, pamoja na Matendo ya Mitume, kuwa mashairi ya Kiswahili. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake inayomfaa zaidi mtu mwenye moyo uliojeruhiwa, na ufundi wa utenzi ndio unaoifanya imfae.

Chombo chenyewe hakikuzaliwa kanisani. Utenzi ulilelewa na Waislamu wa pwani: Tambuka wa mwaka 1728, Al-Inkishafi inayoombolezea fahari ya Pate iliyotoweka, wasia ambao Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwachia bintiye. Yaani kabla haujafika bara ulikwisha kuzoea kubeba kilio na imani kwa pamoja. Mathias Mnyampala wa Dodoma aliutumia kwa Enjili mwaka 1963. Ndipo akaja huyu Mzanaki wa Butiama, aliyebatizwa mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 21, akaushika akiwa mzee aliyekwisha kung'atuka na kurudi kijijini kwake. Mwaka tenzi zilipotoka, yalikuwa yamepita miaka miwili tu tangu Mto Kagera ulete maiti za Wanyarwanda waliouawa katika mauaji ya kimbari hadi Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalopiga mawimbi Musoma. Mwaka huohuo alibebeshwa usuluhishi wa Burundi. Sidai kwamba alitunga kwa sababu hiyo. Ila msomaji wa wakati ule hakuhitaji kufundishwa maumivu ni nini.

Sasa tuutazame ufundi. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mmoja kwa kawaida mizani nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja. Wa nne una kina chake, nacho kwa desturi hurudi mwisho wa kila ubeti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nitatumia ubeti wangu mwenyewe kuonyesha, juu ya Petro baada ya kumkana Bwana:

Jogoo alipowika,
neno lile akumbuka,
machozi yakamtoka,
akaenda nje gizani.

Hesabu mshororo wa tatu: ma-cho-zi-ya-ka-m-to-ka. Ile "m" inayomwakilisha Petro inasimama peke yake kama mizani kamili. Ukiifuta, mshororo unapwaya. Katika wa pili nimeandika "akumbuka" badala ya "akakumbuka", inkisari ya kawaida, kwa sababu nafasi ya kusema zaidi haipo. Na hapo ndipo penye siri yenyewe. Mizani nane hazimruhusu mtunzi kumweleza Petro, kumtetea wala kumhubiri. Aibu inatajwa kwa kipimo chake, kisha ubeti unafunga. Mtu aliyefiwa anajua jinsi maneno mengi ya wafariji yanavyomchosha. Utenzi haumsongi.

Kisha kuna ule mshororo wa nne. "Gizani" haikai peke yake. Kwa kanuni ya bahari hii ya ushairi, itaitikiana na mwisho wa ubeti unaofuata na unaofuata tena: kaburini, Galilaya ufukweni, popote hadithi inapokwenda. Chozi la Petro halifutwi, lakini linaingizwa katika wimbo mrefu kuliko usiku ule. Imani ya Kikristo inasema jambo hilohilo juu ya jeraha: halikatiwi nje ya historia ya wokovu. Mahubiri hulisema kwa hoja; utenzi hulisikizisha kwa kina, na sikio huwa limekwisha kuamini kabla akili haijamaliza kubishana.

Uamuzi wa pili wa Mwalimu una uzito uleule. Hakuzishona Enjili nne ziwe hadithi moja. Kila mwinjili alipewa kitabu chake, hivyo Mateso yanasimuliwa mara nne, na uchungu wa kila mmoja ni tofauti. Kwa Mathayo na Marko Yesu analia kwamba ameachwa. Kwa Luka anawaombea msamaha wanaomwua, na mhalifu aliye pembeni yake anaahidiwa paradiso. Kwa Yohana mama amesimama chini ya msalaba, anakabidhiwa mwana mwingine. Kama zingeunganishwa, kilio cha kuachwa kingemezwa upesi na faraja ya Luka. Zikiachwa mbalimbali, mwenye kuhisi Mungu amemwacha ana kitabu kizima kinachomruhusu ahisi hivyo. Liturujia ya Kanisa Katoliki nayo inazitenganisha: Jumapili ya Matawi husomwa Mathayo, Marko au Luka kwa zamu ya miaka mitatu, na Ijumaa Kuu ni Yohana kila mwaka.

Udhaifu upo, tena mkubwa. Mwendo wa utenzi ni wa kusimulia. Unapenda kusonga mbele. Pale Getsemani, ambapo roho inahitaji kukaa, mizani fupi humsukuma msomaji apite kama mpita njia. Tiba haimo katika maandishi bali katika kughani. Mghani mzuri huvuta silabi, hushusha sauti, hurudia ubeti. Ukizisoma tenzi hizi kimyakimya, macho yakikimbia ukurasani, utaona hadithi unayoijua tangu ekaristi ya kwanza na hutaelewa zinasaidia nini.

Jimbo Katoliki la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri, na tangu 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mahujaji hufika Mwitongo, makao yake kule Butiama, husali kaburini kwake, huona makumbusho, huondoka. Ningependa kwaya za Butiama, Bunda na Musoma ziwaghanie Yohana sura ya 20 kutoka katika utenzi wake. Hapo Bwana aliyefufuka anamwita Tomaso atie mkono ubavuni, kwenye donda ambalo ufufuko haukuliondoa.