Fundi Hupimwa kwa Asichobadilisha

Fundi wa magari ya zamani astahili kusifiwa kwa vitu anavyoviacha mahali pake kuliko vile anavyovibadilisha. Chukua Peugeot 504, gari lililozinduliwa mwaka 1968, ambalo jamaa zake walishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Lile lenye kabureta na pointi halina kompyuta ya kulisemea. Dalili zake husikika, huonekana na hunuswa. Likikataa kuwaka, fundi mahiri huwasha taa kubwa kisha hupiga stata. Taa zikififia na injini isizunguke, mara nyingi betri imechoka au vichwa vyake vimeota kutu. Taa ziking'aa vilevile na kukawa kimya, umeme upo ila huenda haufiki kwenye stata, basi atafuata swichi na nyaya. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, ataacha betri na stata, atafute moto kwenye plagi. Moto ukiwapo, ataitazama plagi yenyewe: ikilowa petroli, mafuta yanafika, ikiwa kavu, atarudi nyuma hadi kwenye pampu na chujio. Kila swali limempunguzia sehemu kubwa ya gari, na bado hajanunua kitu.

Wapo watakaosema kwamba mteja ana haraka na duka la spea liko jirani: badilisha, liwake, liende. Lakini betri mpya huweza kuwasha gari ambalo ugonjwa wake ni alteneta isiyochaji. Baada ya muda litalala tena, na mwenyewe ameshalipa. Vivyo hivyo, pointi mpya zikifungwa pamoja na kondensa mbovu zitaungua kama zile za kwanza. Spea iliyofungwa kwa kubahatisha huondoa dalili na kukiacha chanzo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: magari ya siku hizi huchomekwa kifaa na kosa likasomwa, hivyo ujuzi huu umepitwa na wakati. Kifaa kinasaidia kweli, ila mara nyingi hutaja tu sakiti yenye hitilafu. Ili kujua kama ni sensa iliyokufa, waya uliokatika au soketi iliyoingia maji, lazima mtu apime. Hata mita huhitaji mwenye akili ya kuuliza. Betri huweza kuonyesha volti 12.6 gari likiwa limetulia, kisha ikaanguka chini ya 9.6 stata inapopigwa. Namba ya kwanza ni ya kweli, lakini imeulizwa wakati usiofaa.

Tatizo liko pia kwetu wateja. Tunalipa kwa moyo mkunjufu tukionyeshwa kifaa kipya ndani ya boksi, lakini tunanung'unika tukiambiwa tulipie nusu saa ya kupima, hasa ikiwa kilichokazwa mwishoni ni waya mmoja. Tulipie upimaji huo. Tukiendelea kuthamini spea peke yake, tutabaki na wafunga spea, na mafundi watatuishia.