Tumpime Rodney kwa Mizani ya Njombe

Kama ulipita mchepuo wa HGL au HGE, jina la Walter Rodney si geni kwako. Ulikariri hoja zake tatu nne, ukazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, ukapata alama zako, mkaachana hapo. Kitabu chenyewe, How Europe Underdeveloped Africa, wengi wetu hatukukigusa. Tulisoma dondoo za mwalimu. Matokeo yake ni kwamba kitabu kilichoandikwa hapa hapa Dar es Salaam kimegeuka kuwa kauli moja tu: "wakoloni walitunyonya". Basi, mjadala umefungwa.

Makala hii inataka kuufungua. Hebu tumchukue Rodney tumpeleke Njombe na Makambako, tuone hoja zake zinasimama wapi na zinayumba wapi. Kwa nini Njombe? Kwa sababu nadharia haipimwi vizuri kwenye mfano ambao mwandishi amejichagulia mwenyewe. Inapimwa pale inapobanwa.

Kwanza, kitabu kinasema nini?

Rodney alizaliwa Guyana mwaka 1942, akapata udaktari wake London mwaka 1966, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu kilitoka mwaka 1972, kikiwa na sura sita na maneno ya mwisho yaliyoandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu. Aliuawa kwa bomu Georgetown mwaka 1980, akiwa na miaka 38 tu.

Hoja yake kuu inaeleweka vizuri. Umaskini wa Afrika na utajiri wa Ulaya si habari mbili zinazojitegemea. Ni mahesabu ya daftari moja, ambapo kilichopungua upande huu kiliongezeka upande ule. Koloni lilipangwa litoe malighafi na nguvukazi, na hata reli na barabara zilichorwa kuelekea baharini, si kuunganisha watu wa ndani.

Ukitazama ramani ya Tanganyika, unaona anachosema. Reli ya kaskazini inatoka Tanga kwenda Moshi. Reli ya kati inatoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Zote zinaishia bandarini.

Sasa tafuta Njombe kwenye ramani hiyo ya kikoloni. Huoni reli. Je, hiyo ina maana Njombe ilisahauliwa?

Hapa Rodney anashinda

Hapana, haikusahauliwa. Njombe ilipewa kazi nyingine, ya kutoa watu.

Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono mingi, na wenyeji wa karibu hawakuwa na hamu ya kazi ile. Kwa hiyo serikali na wenye mashamba wakatazama nyanda za juu kusini na maeneo mengine ya mbali. Kodi ilitakiwa ilipwe kwa fedha taslimu. Mtu asiye na zao la kuuza alipata wapi fedha? Alijiandikisha, akapewa namba, akasafirishwa. Ndiyo asili ya neno manamba. Alipofika shambani alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara wake ulitegemea kadi hiyo kujaa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Wabena wa Njombe walikuwa miongoni mwa waliobebwa.

Fikiria mahesabu yake. Mwanamume anaondoka miezi mingi. Mke anabaki analima, analea, anauguza wazee. Mwenye shamba Tanga analipa mshahara wa kumtosha mtu mmoja, kwa kuwa familia inajilisha yenyewe huko nyuma. Kwa maneno mengine, jembe la mama wa Njombe lilikuwa linapunguza gharama za mkonge wa Tanga, na bado jina lake haliko kwenye hesabu yoyote ya shamba.

Hili huwezi kulieleza kwa kusema Njombe ilikuwa "nyuma kimaendeleo". Ilikuwa ndani kabisa ya uchumi wa dunia, ila imekaa upande wa kutoa. Kwa hapo Rodney ana nguvu kuliko vitabu vyote vya jiografia vinavyoorodhesha mazao ya kila wilaya kana kwamba yaliota kwa bahati. Ukitaka ushahidi wenyewe, usiishie kwenye kitabu cha 1972. Tafuta utafiti ambao Rodney alifanya na Kapepwa Tambila na Laurent Sago kuhusu vibarua wa mkonge, uliochapishwa Hamburg mwaka 1983. Binafsi naona ni kazi iliyotulia zaidi.

Hapa anayumba

Ukimsoma Rodney haraka unabaki na picha hii: malighafi inatoka Afrika, kiwanda kiko Ulaya. Sasa njoo Kibena.

Mwaka 1949 ilianzishwa Tanganyika Wattle Company, ambayo watu wa Njombe wanaiita TANWAT, chini ya shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza. Ikapanda miwati, mti wenye asili ya Australia, kwa ajili ya magome yake. Magome yana tanini, dawa ya kulainisha ngozi. Na kiwanda cha kukamua tanini hakikujengwa Liverpool. Kilijengwa Njombe.

Vipi tena? Mkoloni aliona huruma? Jibu liko kwenye fizikia na hesabu za usafiri. Mwaka 1909 mchumi Mjerumani Alfred Weber alieleza kanuni rahisi: kama malighafi inapoteza uzito mwingi inaposindikwa, kiwanda kinavutwa kuelekea shambani. Magome ni mzigo mkubwa, tanini ni kidogo. Nani asafirishe takataka hadi ng'ambo?

Mkonge ni vile vile. Kilo 100 za majani zinatoa kama kilo 4 hivi za nyuzi, ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa na korona yake. Chai inabana zaidi. Kilo 4 au 5 za majani mabichi zinatoa kilo 1 ya chai kavu, na jani likishachumwa linaanza kubadilika ndani ya saa chache. Huwezi kulipeleka London likiwa bichi hata ungetaka. Viwanda vya Luponde na Lupembe viko jirani na mashamba kwa sababu jani halisubiri.

Kwa hiyo kuwepo kwa kiwanda kijijini hakuthibitishi ukarimu wa mtu. Lakini pia hakumwangushi Rodney. Kunatulazimisha tumrekebishe. Mstari wa unyonyaji haupiti kati ya "mbichi" na "iliyosindikwa". Unapita kati ya hatua ambayo maumbile yanalazimisha ifanyike shambani na hatua ambazo zinaweza kufanyika popote. Hatua ya kwanza ilibaki Njombe kwa lazima. Zile nyingine, yaani kusokota kamba, kutengeneza viatu vya ngozi, kuchanganya na kufungasha chai, hazikuwa na lazima hiyo, na zikapelekwa kwa mwenye koloni. Na faida nene iko huko.

Kasoro ya Rodney hapa ni ya kipimo. Anaandika kwa ukubwa wa bara, mfano wake wa kampuni ni Unilever, na kila sura inaishia na mwongozo mfupi wa kusoma badala ya tanbihi. Kwa kitabu cha kuamsha watu, sawa. Kwa mtu anayetaka kujua kwa nini kiwanda fulani kiko Kibena, inabidi aongeze vifaa vyake mwenyewe.

Makambako inaleta swali jingine

Kitabu kikiwa kinachapishwa, reli nyingine ilikuwa inapanda milima kutoka Mlimba kuja Makambako, kwenye kipande kigumu kuliko vyote, chenye mahandaki na madaraja mengi. TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba. Benki ya Dunia ilikuwa imekataa. Lengo lilikuwa la kisiasa waziwazi. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kupitisha shaba bila kuwapigia magoti.

Reli ya ukombozi, basi. Lakini tazama umbo lake: inatoka kwenye machimbo, inaishia baharini. Hata upana wake, milimita 1,067, unafanana na reli za kusini mwa Afrika, wakati reli yetu ya kati ina milimita 1,000. Behewa haliwezi kutoka reli moja kuingia nyingine bila mzigo kuhamishwa.

Tukitumia umbo la reli peke yake kama ushahidi, TAZARA nayo ni ya kinyonyaji. Hilo ni kosa la wazi. Umbo la njia halitoshi. Inabidi uulize nani anapanga nauli, nani anamiliki mzigo, na mji wa katikati unapata nini. Makambako ilipata kitu: reli ilikutana na barabara kuu ya Zambia na ile ya kwenda Njombe na Songea, na pakakua mji wa biashara. Reli ile ile inaweza kubeba shaba ya mwingine na viazi vya jirani yako.

Na tukizungumzia viazi

Hapa nataka tuwe wakweli. Mkulima wa viazi mviringo Njombe anauza lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, na bei inabaki ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanakataza, sheria inasema mzigo usizidi kilo 100, lakini mnunuzi anajua barabara ya kwenda sokoni ni yake na viazi havisubiri. Hapo hakuna Mjerumani wala Mwingereza. Ni sisi kwa sisi.

Rodney angeshtuka? Sidhani. Kwenye dibaji yake anasema wazi kwamba wajibu wa mwisho wa maendeleo ya Afrika uko kwa Waafrika wenyewe. Kurasa hizo ndizo tunazoziruka darasani. Tumemfanya wakili wa visingizio vyetu.

Kwa nini ujali leo

Kwa sababu wilayani Ludewa, mkoa huo huo wa Njombe, kuna chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ulisainiwa mwaka 2011. Na Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilisaini makubaliano ya kufufua TAZARA. Chuma, makaa na reli, vyote katika nyanda moja.

Kwa kanuni ya Weber, chuma na makaa vikikaa karibu, kuyeyushia hapo hapo kuna mantiki. Ila chuma cha Liganga kina titani, na titani hufanya takataka za tanuru ziwe nzito kama uji, kwa hiyo tanuru la kawaida halikifai. Huu ndio upenyo wa mtu kusema "basi tuuze mawe". Teknolojia ya kuyeyusha chuma cha aina hiyo ipo duniani, kwa hiyo kuuza mawe ni uamuzi, na uamuzi una waamuzi ambao unaweza kuwauliza maswali.

Hukumu yangu: msome Rodney, hasa sura ya tano na ya sita, lakini usimkariri. Anakuonyesha kwamba lipo daftari moja la hesabu. Hakuonyeshi kila mstari wa daftari hilo, na hakuwahi kuahidi hivyo. Ukipita Makambako ukaona lori la nguzo, la chai au la parachichi, jiulize: ni hatua gani ya kazi iliyofanyika hapa kwa lazima, ni ipi ingeweza kufanyika hapa lakini haikufanyika, na nani aliamua hivyo? Kama wewe ni mwanafunzi unatafuta mada ya tasnifu, swali hilo la pili bado lina nafasi kubwa.