Pongezi kwa Wachimba Shaba wa Kilembe

Wachimbaji wa Kilembe wanatudai shukrani, hasa sisi wakazi wa Kampala. Mwaka 1956 reli iliyotoka hapa ilifika Kasese kwa ajili ya shaba yao, na makinikia yakawa yanapita jijini kwetu kwenda kuyeyushwa Jinja, kwa umeme wa Owen Falls. Kazi yenyewe ilikuwa ndani ya milima ya Rwenzori: kutoboa mwamba, kushindilia baruti, kungoja moshi utoke, kisha kurudi mle mle gizani kupakia mawe. Mashine zilitoka ng'ambo. Waliozibeba mabegani ni watu wetu. Uzalishaji ulisimama 1982. Makumbusho ya Uganda, pale Kira Road, iwatengee chumba wazee hawa wangali hai.