Tone la Shira

Kashata ya nazi haifichi kitu. Nazi, sukari, maji, iliki, na kwa wengine chembe ya chumvi au matone ya limau. Kuanzia Lamu hadi Mtwara hakuna nyumba inayohangaika kuvipata. Ujuzi wote umo katika zile dakika chache ambazo mpishi huisimamia shira, mwiko mkononi, macho kwenye mapovu, masikio yakisikiliza jinsi mchemko unavyopunguza kasi na kuwa mzito. Naandika kwa ajili ya dakika hizo, kwa sababu naamini kina mama na kina bibi waliozimudu hawajapewa sifa wanayostahili. Tumezoea kusema "anajua kupika", tukala, tukaomba nyingine, tusiulize alichokuwa akikisoma mle sufuriani.

Maji matupu yakishachemka hayapandi joto tena. Yenye sukari hupanda. Kadiri mvuke unavyotoka ndivyo sukari inavyokolea, na ndivyo shira inavyozidi kuwa moto. Ikiwa kwenye nyuzi joto 112 hadi 116 za Selsiasi, tone lake likiangushwa katika maji baridi hujikusanya likawa kidonge laini kinachobonyea kidoleni. Ikikaribia 150, tone hilo hilo hukakamaa, ukilibana linavunjika kwa mlio. Ikipita 160 huanza kushika rangi ya hudhurungi, na ukigeuka kumjibu mtu mlangoni inakuwa chungu. Kashata ya nazi inaitaka ile hatua ya mwanzo. Ya njugu, ile ngumu inayong'aa, inataka hatua za mbele. Zinauzwa kwenye sinia moja na mtoto huziita kwa jina moja, lakini kati yao pana safari ndefu ya moto.

Viwanda vya pipi vina vipimajoto. Jikoni kwetu kuna bakuli la maji baridi, nami nashikilia kwamba bakuli hilo ni chombo bora. Mtu wa Mombasa akimwandikia ndugu yake wa Nairobi kwamba shira iachwe ifike nyuzi 114, atamharibia kashata. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 94. Shira nayo hukolea mapema zaidi kwenye kipimo, kwa hiyo atakayeisubiri 114 ataikuta imeshakauka mno. Tone ndani ya maji halijali uko bondeni au mlimani. Linakuonyesha ukolevu wenyewe, na ukolevu ndio unaoamua kashata itashika au haitashika. Waliobuni kipimo hiki hawakuhitaji kuambiwa habari za mgandamizo wa hewa. Walitazama, wakagusa, wakakumbuka.

Sasa nazi. Iwe iliyokomaa, ukiitikisa maji yacheze ndani. Ikunwe kwenye mbuzi bila pupa, ukiwahi kusimama kabla meno hayajafika kwenye ganda lile la kahawia, maana hilo huichafua rangi na kuacha ukakasi. Wapo wanaokamua tui kwanza kwa ajili ya mchuzi, kisha machicha ndiyo yanayokwenda kwenye kashata. Naielewa sababu ya kubana matumizi, lakini siikubali kwa upande wa mapishi. Mafuta ya nazi yana kazi. Hujipenyeza kati ya chembe za sukari na kuzizuia zisijijenge kuwa mawe, ndiyo maana kashata ya nazi nzima inatafunika kwa ulaini na ya machicha inakwaruza ulimi. Matone mawili matatu ya limau yana kazi pia: uchachu wake huigawa sehemu ya sukari kuwa sukari mbili nyepesi zaidi, na hizo huvuruga mpangilio wa chembe zinapotaka kuganda. Iliki iliyotwangwa hutiwa mwisho, sufuria ikikaribia kuepuliwa, kwa kuwa harufu yake hupaa na mvuke, na anayeitia mapema anaifukizia nyumba badala ya kashata.

Hapa ndipo ninapouona uzuri wa kutumia vitu vya asili. Watu huvisifu kwa kuwa ni "safi", neno ambalo siku hizi hubandikwa hata kwenye chupa za kiwandani. Mimi navisifu kwa kuwa kila kimoja kinafanya zaidi ya jambo moja. Limau linaleta ukali na linazuia kuganda. Nazi inaleta ladha, unyevu, mafuta na kitu cha kutafuna. Ukiviondoa, unalazimika kutafuta chupa ya harufu, kopo la rangi, na unga wa kuzuia hiki au kile. Ukivijua, hivyo vyote umeshavipata sokoni.

Hakuna mahali jambo hili linaonekana kama kwenye ubuyu. Mbegu za ubuyu zilizovikwa sukari nyekundu ni utamu wa watoto wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, na aghalabu ule wekundu hutoka kwenye rangi ya unga. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto kwa vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi za viwandani na kihifadhi kimoja. Kwa jumla watoto walionekana kuzidi kutotulia, ingawa si wote kwa kiasi sawa. Tangu 2010 vyakula vyenye rangi sita za aina hiyo vinavyouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hubeba maneno ya onyo. Januari 2025 Marekani nayo ilitangaza kuiondolea ruhusa rangi nyekundu nambari 3 katika vyakula. Sisemi kwamba aliyekula ubuyu mwekundu amekula sumu. Nauliza tu, kwa nini mzazi atie kijiko cha unga usio na jina wakati choya, yale maua mekundu ya rosela, ipo?

Choya iliyokaushwa hupatikana kwenye magenge mengi ya Tanzania. Ichemshe kwa maji kidogo, uichuje, na maji hayo mekundu ndiyo uyatumie kupikia shira. Rangi ya choya ina tabia ya pekee: penye uchachu huwaka nyekundu, uchachu ukipungua hufifia na kuelekea zambarau. Unga wa ubuyu ni mchachu kwa asili. Kwa hiyo vinapokutana, ubuyu unaitunza rangi ya choya, na choya inaongeza ukali juu ya ukali wa ubuyu, wala hakuna aliyeviambia vifanye hivyo. Tia iliki, chumvi ya kuonja, pilipili kavu kidogo kwa wakubwa. Ninaepua kwanza, shira ikapoa kiasi, ndipo ninamwaga mbegu na kuzigeuza mpaka kila moja ivae. Ubuyu una vitamini C, na moto mrefu huipunguza. Tena mbegu zilizochemshwa sana huvuka unga wake wote, zikabaki uchi, na mtoto anabaki kumumunya kokwa.

Ukubali au ukatae, sukari inabaki kuwa sukari. Kuipikia nyumbani hakuigeuzi dawa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Mtoto mdogo anastahili pungufu ya hapo. Ila mpishi wa nyumbani ana uwezo ambao mnunuzi hana: anaweza kupiga hesabu. Nazi moja kubwa kwa gramu 300 za sukari, sinia likakatwa mshazari vipande 30, kila kipande kina gramu 10. Akipenda apunguze sukari, akate vidogo zaidi, na atajua amempa mwanawe nini. Wazee waliopanga kashata kando ya kahawa chungu kwenye baraza za Mji Mkongwe na Mombasa walikuwa na kipimo chao. Kipande kimoja kilitosha kusindikiza vikombe kadhaa, kwa vile kilikuwepo ili kuupoza uchungu wa kahawa, si kushibisha.

Kuihesabu sukari ni adabu kwa sababu nyingine pia. Katika karne ya 19 miwa ya bonde la Pangani ililimwa na watumwa, na pwani yetu haijawahi kuwa mbali na historia hiyo. Sioni kama chakula chenye jasho hilo nyuma yake kinafaa kumwagwa ovyo.

Wengine hukimbilia asali wakidhani wameepuka shida yote. Asali haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa mbaya wa kupooza misuli, na utumbo wake bado haujaweza kupambana navyo. Jikoni nayo ina ukaidi wake: huvuta maji kutoka hewani, na kashata yake hunata kwenye karatasi, meno na vidole. Sukari guru naipenda zaidi. Ina ladha ya muwa wenyewe, ya moshi kidogo, na ikikutana na njugu zilizokaangwa polepole hutoa kitu ambacho sukari nyeupe haikiwezi. Lakini ni ngumu kuishikisha, hivyo naichanganya nusu kwa nusu. Njugu zichambuliwe moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyogeuka rangi itupwe bila huruma, maana ukungu wa njugu una sumu ambayo kukaanga hakuimalizi. Na wadogo wasipewe njugu nzima wala pipi ngumu, hupalia. Zisagwe, au wapewe ile ya nazi.

Masika hewa ya pwani imejaa maji, na kashata ya njugu iliyokuwa ikilia kwenye meno asubuhi inalegea kabla ya magharibi hata ukiifungia mkebeni. Miezi hiyo nyumbani kwetu tunapika ya nazi na ubuyu. Ya njugu inasubiri mvua zikatike.